Vijidudu Tunavyoishi Navyo: Mwelekeo wa Utafiti wa Mikrobiomu Nchini Tanzania, na Maswali Yanayokihusu Kisiwa cha Mafia

Katika maabara ya hospitali ya wilaya, iwe Kilindoni au kwingineko nchini, choo cha mgonjwa hupakwa juu ya kioo, hutazamwa kwa hadubini, na majibu huandikwa kwa maneno machache: mayai ya safura yameonekana, au hayakuonekana. Jibu hilo lina thamani kubwa na hakuna sababu ya kulidharau. Hata hivyo, katika kipande kilekile cha choo kulikuwa na mabilioni ya bakteria ambao fundi wa maabara hakuulizwa habari zao, na ambao hadubini yake isingeweza kuwatofautisha hata kama angeulizwa. Jamii hiyo nzima ya vijidudu, pamoja na vinasaba vyake, ndiyo wanasayansi huiita mikrobiomu.

Wingi wake si wa kubahatisha. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walikokotoa upya hesabu za zamani, wakakadiria kwamba mwanamume wa kilo 70 ana seli za mwili wake mwenyewe zipatazo trilioni 30 na bakteria wapatao trilioni 38. Walio wengi huishi katika utumbo mpana. Huko huchachusha nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na katika kufanya hivyo hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Huifundisha kinga ya mwili kutofautisha adui na mwenyeji. Na kwa kujaa kwao tu huwanyima nafasi vimelea vya maradhi.

Bakteria wengi kati ya hao ni vigumu kuwaotesha maabara. Ndiyo maana taaluma hii ilisubiri hadi mashine za kusoma vinasaba ziliposhuka bei. Watafiti husoma ama jeni moja ambayo kila bakteria anayo, ama vinasaba vyote vilivyomo katika sampuli. Njia ya kwanza ni nafuu, lakini huonyesha majina tu. Ya pili ni ghali, ila huonyesha pia kazi ambazo vijidudu hao wanaweza kuzifanya. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa sababu historia ya utafiti huu nchini Tanzania imetegemea kwa kiasi kikubwa ni nani mwenye mashine na ni nani mwenye sampuli.

Bakteria aliyemo ndani ya mnyoo

Kwa mkazi wa Mafia, mlango ulio karibu zaidi wa kuingilia somo hili si utumbo bali ni ugonjwa wa matende na mabusha. Mafia ndiyo wilaya ambako mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huo ulianza kugawa dawa kwa jamii nzima, mwaka 2000, kwa kutumia ivamektini na albendazo. Wengi wanaosoma makala hii wamezimeza dawa hizo, au wamezigawa nyumba kwa nyumba.

Swali ambalo wanajamii huuliza kila msimu wa ugawaji ni hili: kwa nini tunameza tena na tena? Jibu ni kwamba dawa hizo huua zaidi mabuu yanayozunguka katika damu, ilhali minyoo mikubwa iliyokaa katika mishipa ya limfu huweza kuendelea kuishi kwa miaka kadhaa na kuzaa upya. Hapo ndipo bakteria anapoingia katika hadithi. Mnyoo huyo, Wuchereria bancrofti, hawezi kustawi peke yake. Ndani ya seli zake anaishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo jike asipokuwa naye huwa tasa na hatimaye hufa. Kwa maneno mengine, hata mnyoo ana mikrobiomu yake.

Wazo hilo lilipimwa katika nchi yetu. Katika kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani, watu 72 wenye maambukizi waligawanywa kwa kura: wengine walipewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki nane, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet. Baada ya miezi 14, kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha minyoo hai kwa watu 6 kati ya 27 waliotumia doksisaiklini, na kwa 24 kati ya 27 ambao hawakuitumia. Dawa ya kuua bakteria ilikuwa imeua mnyoo.

Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote uliowahi kutoka Tanzania kwamba kumgusa kijidudu asiyeonekana kunaweza kubadili mwenendo wa ugonjwa. Hata hivyo matibabu hayo hayakuchukua nafasi ya ugawaji wa dawa kwa jamii, na sababu zake zinaeleweka. Wiki nane ni muda mrefu. Dawa hiyo haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Na kidonge kinachomfuata bakteria wa mnyoo hupita vilevile katika utumbo wa mgonjwa na kuwakuta bakteria wake mwenyewe.

Mwanza, Eyasi, kisha Kilimanjaro

Wimbi la pili lilianzia kanda ya ziwa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa vijidudu vya ukeni kwa wanawake 132 wa Mwanza waishio na virusi vya UKIMWI. Ulifanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, kwa kushirikiana na watafiti wa Kanada. Hoja yake ilikuwa ya kitabibu moja kwa moja. Uke wenye bakteria wa kundi la laktobasili huwa na tindikali inayozuia maambukizi. Bakteria hao wanapopungua na wengine kushika nafasi yao, mwanamke huwa katika hatari zaidi ya kuambukizwa VVU na ya kujifungua kabla ya wakati.

Ushirikiano huohuo ulizaa jambo ambalo watafiti wachache hulifanya: uliingia jikoni. Vikundi vya wanawake wa Mwanza vilijifunza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu na kuuuza mitaani. Mwaka 2014 matokeo ya jaribio la awali yalionyesha kwamba wajawazito walioutumia mtindi huo, uliochanganywa na mlonge, walikingwa kwa kiasi fulani dhidi ya kuongezeka kwa zebaki na aseniki katika damu. Kwa watoto wa shule tofauti haikuwa ya kutosha kuthibitisha lolote. Jaribio lilikuwa dogo, na wenyewe waliliita la awali. Inafaa nasi tuliite hivyo.

Mwaka huohuo wa 2014 dunia ilisikia habari za Wahadzabe. Kundi la Stephanie Schnorr lililinganisha choo cha Wahadzabe 27 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi na cha Waitalia 16 wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Walikuwa pia na bakteria wa jamii ya Treponema, jina linalomshtua mhudumu wa afya kwa sababu ya kaswende, lakini hawa ni ndugu wengine ambao hawajulikani kuleta ugonjwa. Inadhaniwa husaidia kusaga nyuzinyuzi za mizizi na ubuyu. La kushangaza zaidi, watu wazima hao hawakuonekana kuwa na bifidobakteria, ambao vitabu vilikuwa vimewapa cheo cha “bakteria wazuri”. Tangu hapo ni vigumu kuzungumzia bakteria wazuri na wabaya bila kuuliza kwanza: wazuri kwa nani, na kwa chakula gani?

Mwaka 2017, katika jarida la Science, sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188 zilionyesha kwamba jamii ya bakteria hubadilika kwa majira. Katika msimu wa mvua, wakati wa asali na matunda, aina fulani zilififia hata zikawa kama zimetoweka. Kiangazi kiliporudi, nazo zilirudi. Mwaka 2022 uchunguzi wa watoto wachanga wa Kihadzabe uliwaonyesha wakiwa na bifidobakteria maalumu wanaokula sukari za maziwa ya mama, sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Mwaka 2023, kwa mashine zenye uwezo mkubwa zaidi, zilipatikana jenomu 91,662 za vijidudu kutoka kwa Wahadzabe na watu waliolinganishwa nao huko Nepal na California. Asilimia 44 hazikuwamo katika hazina za kumbukumbu zilizokuwapo.

Haya ni matunda makubwa ya sayansi. Lakini msomaji makini atakuwa ameona mwelekeo wake. Sampuli zilitoka Eyasi, mashine zilikuwa Marekani na Ulaya, na swali kuu lilikuwa la watu wa nchi tajiri: ni nini tulichokipoteza sisi? Wahadzabe wenyewe, jamii ndogo yenye shida za ardhi, maji na matibabu, walikuwa kioo cha kujitazamia wengine. Si haki kusema Watanzania hawakuwamo. Majina ya John Changalucha na Alphaxard Manjurano wa NIMR Mwanza yamo katika utafiti wa 2017, na Changalucha alikuwamo pia katika ule wa 2010. Walikuwamo, ila hawakuwa ndio walioliuliza swali.

Badiliko lililofuata, kwa kiasi kikubwa, lilitokea mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2021 zilichapishwa tafiti mbili juu ya Watanzania 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini, kwa ushirikiano wa watafiti wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wakazi wa mjini walikuwa na dalili nyingi zaidi za kinga iliyo macho muda wote, kama mlinzi asiyelala, hali inayohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Na tofauti hiyo ilifungamana na chakula pamoja na kazi za bakteria wa utumbo. Swali sasa lilikuwa letu: ni nini kinachompata Mtanzania anapohamia mjini?

Godfrey Temba na wenzake walilisukuma mbele zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2025 katika Nature Medicine, wanaume 77 walishiriki. Wa vijijini waliohamishiwa chakula cha kisasa, chenye vitu kama soseji, mkate mweupe na chipsi, waliona kinga yao ikibadilika kuelekea hali ya uchochezi ndani ya wiki mbili. Wa mjini waliorudi kwenye ndizi, mboga, mikunde na mizizi waliona kinyume chake. Kundi la tatu lilipewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa wiki moja, nalo pia likaonyesha nafuu. Baadhi ya mabadiliko yalikuwapo hata wiki nne baadaye. Walikuwa wanaume tu, na wiki mbili si maisha. Tena pombe ya ndizi isigeuzwe dawa ya hospitali kwa sababu ya jaribio hili. Lakini hapa Mtanzania aliuliza, akapanga na kujibu.

Maswali ya kisiwani

Hakuna hata moja kati ya tafiti hizo iliyofanyika Mafia. Hata hivyo kisiwa hiki kina mambo matatu ambayo yangeweza kuwafundisha watafiti kitu ambacho Eyasi na Moshi haziwezi.

La kwanza ni minyoo na dawa zake. Uchunguzi wa wanafunzi wa Mafia uliochapishwa mwaka 2002, kabla dawa za jamii hazijazoeleka, ulikuta safura kwa zaidi ya saba kati ya kila watoto kumi, na minyoo mjeledi kwa takribani wanne. Dozi moja ya mebendazo iliwaponya kabisa safura watoto wasiofika theluthi moja, ingawa idadi ya mayai ilipungua sana. Tangu wakati huo vizazi viwili vya wanafunzi vimemeza dawa. Minyoo na bakteria hugawana utumbo mmoja. Uchunguzi wa mwaka 2014 nchini Malaysia uliwakuta wenye minyoo wakiwa na bakteria wa aina nyingi zaidi kuliko wasio nayo. Asiwepo wa kuligeuza hilo kuwa sifa ya safura, inayonyonya damu ya mtoto na ya mama mjamzito. Swali ni jingine: minyoo inapoondoka, ni bakteria gani wanaojaza nafasi, na je, wanamlinda mtoto dhidi ya kuhara au la?

La pili ni pepo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa ufukoni, na kitoweo hubadilika. Kaskazi ikirudi, samaki hurudi mezani. Kama utumbo wa Mhadzabe hufuata asali na nyama, yawezekana utumbo wa mvuvi wa Jibondo au Chole hufuata pweza, muhogo na mbaazi. Tafiti nyingi huchukua sampuli mara moja tu, na anayepima mara moja huko Jibondo huenda akaandika msimu akidhani ameandika watu.

La tatu ni viuavijasumu, na hili halisubiri mtafiti.

Katika chumba cha huduma

Mwaka 2021 yalitoka majibu ya jaribio lililofanyika Haydom, ambako watoto 1,188 walipewa, kwa ratiba maalumu katika miezi yao ya mwanzo, azithromaisini na dawa nyingine, au vidonge visivyo na dawa. Tumaini lilikuwa kwamba kupunguza vimelea katika utumbo kungewasaidia kurefuka. Walipofikisha miezi 18 hapakuwa na tofauti ya ukuaji. Waliopewa viuavijasumu bila kuumwa hawakufaidika hata sentimita moja.

Tuliweke jambo hilo kando ya hali tunayoijua. Mama amefika na mtoto wa mwaka mmoja anayehara maji tangu jana. Njiani amepita duka la dawa muhimu, akapewa metronidazo au siprofloksasini vidonge vichache, kwa sababu ndivyo mtoto wa jirani alivyopona. Mtoto wa jirani, kwa uwezekano mkubwa, angepona vilevile, kwa kuwa kuhara maji kwa watoto wadogo mara nyingi husababishwa na virusi, ambavyo havisikii dawa hizo. Huyu anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS, kunyonya bila kukatizwa, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Kiuavijasumu kina mahali pake pale choo kinapokuwa na damu au kipindupindu kinaposhukiwa.

Hasara ya kidonge kisichohitajika haiishii kwenye pesa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, watu watatu wenye afya walipewa siprofloksasini mara mbili na kufuatiliwa kwa miezi kumi. Bakteria wao walipungua ndani ya siku chache, wakaanza kurudi baada ya wiki moja, lakini hawakurudi kikamilifu kama walivyokuwa. Wanaobaki ni wale waliostahimili dawa, na hao huweza kuwapa majirani zao jeni za ustahimilivu. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tunaouita UVIDA, hulelewa ndani ya utumbo wa watu wasioumwa kabla haujaonekana kwenye kidonda wodini. Kisiwa ambacho mgonjwa mahututi hulazimika kuvuka maji kwenda bara hakina anasa ya kupoteza dawa chache inazozitegemea.

Wagonjwa huuliza pia juu ya mtindi: je, ninywe baada ya dozi? Jibu la haki ni kwamba mtindi safi ni chakula kizuri kwa anayeupata na anayeupenda, lakini bakteria wake kwa kawaida hupita tu, hawahamii. Majaribio mawili makubwa ya mwaka 2018, Kanada na Marekani, hayakuona faida ya bakteria wa vidonge kwa watoto wanaohara. Anayetaka kuwalisha bakteria alio nao tayari atumie kunde, mbaazi, mboga za majani na matunda. Kwa mtoto mchanga, ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Katika maziwa hayo mna sukari ambazo kazi yake ni kuwalisha bakteria wa mtoto.

Na kwa wanawake: kuosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa za dukani huwafukuza laktobasili waliotajwa hapo juu. Ushauri huu huenda ukapokelewa vizuri zaidi ukitoka kwa kungwi au somo anayemfunda mwari kuliko ukitoka ukutani kwenye bango la zahanati. Mhudumu atakayekaa nao na kuzungumza kwa adabu atafika mbali.

Sampuli ikiombwa

Siku watafiti watakapovuka kutoka Nyamisati na vichupa vyao, mkazi wa Mafia ana haki ya kuuliza mambo kadhaa kabla ya kutoa choo chake, na mhudumu wa afya ana wajibu wa kumsaidia kuuliza. Je, kuna kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya? Je, sampuli itasomwa nchini au itasafirishwa, na kama itasafirishwa, kuna hati ya makubaliano inayoeleza itatumika kwa nini, kwa muda gani, na nani ataihifadhi? Vinasaba vilivyosomwa vitawekwa wapi? Je, katika kusoma vinasaba vya bakteria watasoma pia vya mtu mwenyewe, ambavyo navyo humo katika choo? Mtu akijitoa baadaye, sampuli yake itateketezwa?

Kuna swali moja zaidi, la kawaida kabisa, ambalo fomu za ridhaa hulijibu kwa haraka mno: mtoto akikutwa na safura au upungufu wa damu katika uchunguzi huo, nani atamtibu, lini, na kwa dawa iliyopo wapi? Fomu iliyojibu hilo kwa jina la kituo na tarehe ndiyo inayofaa kutiwa saini au dole gumba.